Filamu Iliyosubiri Miaka 27, na Ile Ambayo Mbeya Haijaitengeneza

Kijana wa Mbeya au Iringa akisema anataka kutengeneza filamu, jambo la kwanza analoambiwa ni aende Dar es Salaam. Wasambazaji wako huko, waigizaji wenye majina wako huko, kamera nzuri za kukodi ziko huko. Kwa filamu za mapenzi na vichekesho ushauri huo una mantiki. Lakini ipo aina moja ya filamu ambayo kwayo ushauri huo unapoteza watu, nayo ni filamu ya kusisimua ya kisaikolojia. Humo adui wa steringi hashiki bunduki wala panga. Yumo kichwani mwa steringi mwenyewe, au pengine yupo kweli huko nje, na mtazamaji anakaa zaidi ya saa nzima bila kuambiwa lipi ndilo. Filamu hiyo haiombi mji mkubwa. Inaomba mahali penye upweke, uso mmoja unaoweza kubeba hofu, na mtengenezaji mwenye ujasiri wa kunyamaza.

Ushahidi wangu ni Carnival of Souls, filamu ya Marekani ya mwaka 1962. Nitaieleza mpaka mwisho wake, kwa sababu haiwezekani kuijadili vinginevyo, na kwa sababu namna ilivyopokelewa inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwongozaji wake, Herk Harvey, hakuwa mtu wa Hollywood. Aliishi Lawrence, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Kansas, katikati kabisa ya nchi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya viwanda na shule katika kampuni iitwayo Centron. Safari moja, akirudi nyumbani kwa gari kutoka California, alipita kando ya Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah akaliona jengo la Saltair, ukumbi mkubwa wa starehe uliofungwa na kuachwa ukiwa. Alipofika Lawrence alimwomba mfanyakazi mwenzake, John Clifford, aandike hadithi ambayo mwishoni wafu wanacheza dansi ndani ya ukumbi ule. Mengine yote alimwachia. Fedha zilichangwa na wafanyabiashara wa mji huohuo, na gharama nzima hutajwa kuwa kama dola 33,000. Harvey akachukua likizo ya wiki tatu, akakusanya kikosi kidogo cha mafundi, akaanza kazi. Mwigizaji mkuu, Candace Hilligoss, alitoka New York; wengi wa waliobaki walikuwa watu wa hapohapo. Yule mwanaume mwenye uso mweupe anayemwandama dada wa watu filamu nzima ni Harvey mwenyewe, kajipaka rangi usoni.

Yaani filamu hii ilizaliwa na watu wenye ajira, kwenye mji wa mkoani, wakati wa likizo. Christopher Nolan alifanya jambo linalofanana na hilo London miaka zaidi ya 30 baadaye: filamu yake ndefu ya kwanza, Following ya 1998, ilipigwa siku za Jumamosi kwa muda wa mwaka hivi, kwa sababu waigizaji na mafundi wote walikuwa na kazi nyingine katikati ya wiki. Mwalimu wa sekondari Makambako au fundi wa picha za harusi Uyole anaweza kujiona humo bila kujikaza.

Hadithi yenyewe ni nyembamba. Mary Henry ni mpiga kinanda. Yumo kwenye gari na wasichana wenzake wawili, vijana wa kiume wanawachokoza washindane mbio, na darajani gari lao linatumbukia mtoni. Watu wanatafuta majini saa nyingi bila mafanikio. Kisha Mary anatokea peke yake, kalowa, kajaa tope, hakumbuki alitokaje. Halii, wala hakai na wafiwa. Baada ya muda mfupi anapakia mizigo yake na kuendesha gari hadi Utah, ambako ameajiriwa kupiga kinanda kanisani. Njiani usiku anauona uso wa mwanaume kwenye kioo cha dirisha la gari linalokwenda kasi. Tangu hapo uso ule haumwachi. Na mara mbili ulimwengu unamzimikia: yumo dukani, watu wamejaa, anasema nao, hakuna anayemwona wala kumsikia, na yeye mwenyewe hasikii chochote. Sauti za kawaida zikirudi, zinarudi kwa mlio wa ndege mtini. Mwishoni anafuatwa na wafu hadi ule ukumbi mkiwa, anaangushwa mchangani, nyayo zake zinaishia pale. Kamera inarudi Kansas, gari linavutwa kutoka mtoni, na Mary yumo ndani, maiti, pamoja na wenzake.

Msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hahitaji maelezo kuhusu mwanzo huo. Amepita Kitonga usiku, ameshuka Mlima Nyoka, amepita Iwambi na Mbalizi nyuma ya lori lenye breki za wasiwasi. Kila mteremko hapo una majina ya waliofia pale, na una watu walionusurika ambao mpaka leo familia zao husema hawakurudi wakiwa walewale. Mtu aliyetoka kwenye basi lililopinduka, amekaa sebuleni, chai inapoa mbele yake, anaitwa haitiki: hiyo ni picha ya kawaida kabisa kwetu, na sijaona filamu ya Kitanzania iliyokaa naye kwa dakika 80. Tunamwonyesha akilia hospitalini, halafu hadithi inahamia kwa mume wake na mchepuko.

Lakini sehemu ninayoiona kuwa moyo wa Carnival of Souls ni kanisa, si ajali, na hapa natofautiana na wahakiki wengi wanaoisifu. Wao hukimbilia kwenye ukumbi wa Saltair, kwenye dansi ya wafu, kwenye mwanga na vivuli. Ni kweli picha hizo ni nzuri. Ila mtu aliyekulia Rungwe, ambako Wamoravian wamekuwapo tangu 1891, au kwenye usharika wa Kilutheri huko Iringa na Njombe, ataona kitu kingine kwanza. Mary anapiga kinanda cha kanisa bila imani. Kwake ni ajira, na analisema waziwazi. Bwana mmoja kwenye kiwanda cha vinanda anamwonya kwamba akili peke yake haitoshi kwa mwanamuziki, aweke na roho kidogo. Kwetu sisi maneno hayo yangetoka kwa mwalimu wa kwaya. Hapa mpiga kinanda si fundi wa kualikwa. Ni mtu wa ibada, anajulikana anakaa wapi, amebatizwa wapi, baba yake ni mzee wa kanisa au aligoma kuwa.

Basi Mary anafanya mazoezi jioni, peke yake kanisani, na vidole vyake vinaanza kupiga kitu asichokikusudia. Muziki unageuka kuwa wa kilingeni, na macho yake yanaona wafu wakiinuka kutoka majini. Mchungaji anaingia, anamshika mikono, anamwambia muziki huo ni kufuru, na anamwachisha kazi palepale. Kisha anamsihi asiupe kisogo msaada wa kanisa. Mambo hayo mawili anayasema kwa pumzi moja, na naamini yote mawili anayamaanisha. Ndiyo maana tukio hilo linauma. Mtu mwenye nafasi ya kumuuliza yule dada amepatwa na nini amechagua kulinda madhabahu. Daktari naye, ambaye si daktari wa akili na anakiri hivyo, anampa maelezo ya haraka: umepata mshtuko, unaona vitu. Mpangaji mwenzake, John Linden, anamtaka kimwili, na akiona hofu yake imezidi anaondoka. Kanisa, hospitali na mwanaume: milango mitatu ambayo mwanamke yeyote wa miji yetu angeambiwa abishe, yote inafungwa mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo wafu hawana kazi kubwa tena.

Nikiitazama hivyo, swali la kama Mary alikuwa amekufa tangu mwanzo halina uzito sana kwangu. La maana ni kwamba alikuwa hai kiasi cha kuweza kusaidiwa katika kila tukio, na kila tukio lilipita.

Sasa tuje kwenye mapokezi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Lawrence mwaka 1962, kisha ikakabidhiwa kwa msambazaji, ambaye aliikata dakika kadhaa na kuipeleka kwenye sinema za wazi, zile ambazo watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Iliwekwa sambamba na filamu nyingine ya kutisha ya bei rahisi, mbili kwa tiketi moja. Watu waliokwenda pale walitaka kupiga kelele na kushikana mikono gizani. Walipewa dada mwenye uso mgumu anayetembea ndani ya jengo tupu kwa dakika nyingi huku kinanda kikiugulia. Ilipita, ikasahaulika. Msambazaji alifilisika, na waliochangia fedha hawakuona faida. Harvey alirudi kwenye filamu zake za mafunzo na hakuwahi kuongoza filamu ndefu nyingine. Hilo ndilo hunihuzunisha kuliko yote katika habari hii: mtu alionyesha kwamba anaweza, akalipwa kwa ukimya, akaacha.

Kilichoiokoa filamu ni ajali ya kisheria. Nakala zilizosambazwa hazikuwa na tamko la hakimiliki ambalo sheria ya Marekani ya wakati ule ililitaka, hivyo filamu ikawa mali ya umma. Vituo vya televisheni vikairusha usiku wa manane kwa sababu haikuwagharimu. Watoto na vijana waliokesha wakaiona, nusu wamelala, wasijue jina lake, na taswira ya yule mwanaume kwenye kioo ikawakaa. Baadhi yao walikuja kuwa waongozaji na wahakiki. Mwaka 1989 ilirudishwa kwenye kumbi za sinema, na safari hii wahakiki waliikalia kitako. Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota 3 kati ya 4, na alichokisifu ni jinsi inavyoweka jambo lisilo la dunia hii katikati ya maisha ya kila siku, miongoni mwa watu wa kawaida. Leo inafundishwa vyuoni na inauzwa kwenye matoleo ya kifahari. Harvey aliyaona hayo kabla ya kufariki mwaka 1996, na nashukuru kwamba aliyaona.

Hata hivyo siamini kwamba watazamaji wa 1962 walikuwa wajinga na wale wa 1989 wakawa werevu. Sauti ya filamu hii mara nyingi haikai sawa na midomo. Waigizaji kadhaa wanasoma mistari kama watoto wa shule kwenye sherehe za kufunga mwaka. Tukio la Linden kuleta kahawa asubuhi linarefuka bila sababu. Kuna mashabiki wa sasa wanaodai kwamba ugumu wote huo ni wa makusudi, kwamba kila mtu anaonekana nusu mfu kwa sababu ulimwengu wa Mary ni nusu ufu. Nakubali kwa Hilligoss, ambaye uso wake umepimwa vizuri tangu mwanzo. Kwa wengine ni uchanga wa uigizaji, na kuuita usanii ni kumkosea heshima Harvey, ambaye alijua mapungufu yake na angependa tuyataje. Mhakiki anayesamehe kila kitu hana tofauti kubwa na yule asiyetazama.

Walichokuwa nacho watazamaji wa 1989, na wale wa kwanza hawakuwa nacho, ni mazingira. Walikaa kwenye ukumbi wenye giza na utulivu, wamekuja kuitazama hiyo hiyo, dakika zilizokatwa zikiwa zimerudishwa, na walikuwa wameshaona filamu nyingine nyingi zilizowazoesha kutoambiwa kila kitu. Ukiacha dakika hizo, filamu ilikuwa ileile.

Na hapa ndipo najiuliza ingepokelewaje Mwanjelwa ya Mbeya au Ipogolo ya Iringa.

Ingefika kupitia kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, au kwenye flashi iliyojazwa muvi 30 kwa bei ya soda mbili, na ingefika ikiwa imetafsiriwa. Kwa wasomaji wa mbali: hatutumii maandishi chini ya picha. Tuna mtafsiri, anayerekodi sauti yake juu ya filamu nzima, anaeleza hadithi, anaongeza methali, anamcheka adui, anamhurumia mama. Wengi wa umri wangu wanaikumbuka sauti ya Lufufu kama wanavyokumbuka sauti za nyumbani. Nawaheshimu mafundi hawa kwa dhati. Walifungua dunia kwa watu ambao sinema za Kiingereza na Kihindi zingewaacha mlangoni, na msimulizi mzuri ana kipaji sawa na cha mtambaji wa hadithi wa zamani. Kwenye filamu za mapigano anaongeza utamu. Kwenye filamu ya kisaikolojia anaiua, na haiui kwa ubaya. Anaiua kwa ukarimu. Kazi yake ni mtazamaji asibaki nyuma, kwa hiyo kimya cha dukani, pale ambapo Mary anazungumza na hakuna anayemsikia, atakijaza. Atasema huyu dada mwenzenu ameshakufa zamani, hao watu hawamwoni, ni roho tu hiyo inatembea. Ameeleza sawasawa. Na filamu imekwisha, ingawa imebaki nusu saa.

Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na kwenye filamu hii mshindo wote umo kwenye kimya. Ningependa kumsikia mtafsiri mmoja wa Mbeya akijaribu jambo gumu: atafsiri mazungumzo pekee, na pale Mary asiposikia kitu, naye anyamaze kabisa. Kibanda kizima kinyamaze naye. Nina hakika watu wangetazamana.

Tatizo la pili ni letu watengenezaji, na ni zito kuliko la mtafsiri. Filamu zetu nyingi za kutisha zinajua jibu kabla ya swali. Mtu akianza kuona visivyoonekana, dakika chache baadaye tunaletwa kwa mganga, tunaonyeshwa shangazi mwenye wivu, ungo, tunguri, moshi. Hofu inapewa mwenye nayo. Mwishoni mchungaji au sheikh anaomba, mchawi anaanguka, tunalala salama. Sitaki nieleweke kwamba nadharau imani za watu. Nimekulia ndani yake na naijua nguvu yake. Ninachosema ni kwamba katika Nyanda hizi za Juu Kusini jibu hilo la haraka limewahi kutugharimu. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, na viongozi wa serikali wenyewe walihusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Vikongwe wamewahi kuuawa nchini kwa sababu jirani alifiwa akatafuta wa kumbebesha. Sisemi filamu ndizo zilizoua. Ila msanii anayerudia kila mwezi kwamba nyuma ya kila hofu kuna mtu fulani wa kumtafuta, amejiunga na upande fulani, apende asipende.

Filamu ya kisaikolojia inamkalisha mtazamaji mahali pasipo na shangazi wa kulaumiwa. Inamwambia: huyu dada anaogopa, hofu yake ni ya kweli, wewe ungemfanyia nini? Sijui aina nyingine ya filamu inayoliuliza swali hilo kwa ukali namna hii, na sijui mahali nchini panapolihitaji kuliko hapa.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni geni kwa Watanzania. Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutoka mwaka 2001, inamhusu daktari mwanamke Mmarekani mweusi anayefika Tanzania na kukutana na mgonjwa wa akili, Samehe, ambaye hajasema neno kwa miaka 20. Samehe ameigizwa na Amandina Lihamba. Maumivu ya utotoni, mzimu wa mama wa kale na dawa za hospitali vinakaa chumba kimoja, na filamu haiharakishi kukifukuza kimojawapo. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, na ilichukua miaka mingine zaidi ya 20 kabla ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji kupelekwa mwaka 2022. Lihamba akiwa kimya anasema mambo ambayo waigizaji wetu wa leo wanayapigia kelele dakika kumi nzima. Ukiniuliza ni uigizaji gani wa Kitanzania mwanafunzi wa sanaa auangalie kabla ya kushika kamera, nitamtaja Samehe.

Uliza mtaani, lakini, ni wangapi wameiona. Vijana wanaopiga filamu fupi Iringa mjini wanamjua Nolan, wanajua filamu za Korea kwa majina ya waongozaji, na Maangamizi hawajawahi kuisikia. Siwalaumu. Hawakuikuta popote.

Hapo ndipo historia ya Carnival of Souls inapoacha kuwa ya Marekani. Ilihukumiwa upya kwa sababu ilikuwepo. Mtu aliikuta kwenye televisheni saa nane usiku. Sisi tunapoteza nakala kabla hukumu ya kwanza haijakauka. Filamu za miaka ya kanda na deki, zilizopigwa kwa fedha za mifukoni na kuuzwa mkono kwa mkono stendi, zimekwenda na kanda zake. Zilizofuata kwenye CD zimekwaruzika. Za sasa zinaishi kwenye simu ya mtengenezaji mpaka simu iibiwe. Haki za msanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ni sahihi zilindwe, kwa sababu wachomaji wa CD wamewafukarisha watu ninaowafahamu. Hata hivyo sheria inayomlinda msanii dhidi ya mwizi haimlindi dhidi ya kusahaulika. Kwa baadhi ya filamu za zamani nashuku kwamba nakala pekee iliyobaki ni ile ya wizi, kwenye boksi chini ya meza ya mtu Mwanjelwa, na siku akisafisha banda itaishia jalalani.

Dawa yake haihitaji mfuko mkubwa. Mikoa ina maktaba za umma. Iringa ina Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, mahali ambapo filamu ingeweza kuwekwa na pia kuonyeshwa jioni kwa watu waliokaa kwenye viti, bila mtu kuuza karanga mbele ya ukuta wa kuonyeshea. Kuna vyuo vikuu Iringa na Mbeya vyenye kompyuta na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Mtengenezaji akikabidhi nakala moja isiyouzwa wala kukopeshwa, pamoja na karatasi inayosema ni nani waliigiza na ilipigwa wapi, amemfanyia mtazamaji wa miaka 27 ijayo jambo ambalo Harvey hakulipanga.

Na kuna kazi yetu sisi tunaoandika. Uhakiki wa filamu unaosomwa hapa, kwa sehemu kubwa, ni muhtasari wa hadithi ukifuatiwa na ‘kali’ au ‘mbovu’, au ni ugomvi wa wasanii uliovikwa joho la uhakiki. Filamu ya kusisimua ya kisaikolojia ikitoka kesho Tukuyu, yenye ukungu halisi wa Tukuyu, mashamba ya chai, kinanda cha kanisa na mwigizaji mmoja asiyejulikana, haitatendewa haki kwa namna hiyo. Mwandishi aende akaitazame pamoja na watu. Aandike ilionyeshwa wapi, ikiwa nzima au imekatwa, ikiwa na mtafsiri au bila. Aandike watu walicheka wapi, walinyamaza wapi, nani aliondoka na alisema nini mlangoni. Aseme sauti ilikuwa mbovu ikiwa ilikuwa mbovu. Aseme pia ni tukio gani alishindwa kulielewa, na asijitungie maelezo ya kulifunika. Waandishi wa 1962 hawakutuachia mengi ya namna hiyo, na ndiyo maana mpaka leo tunabishana kuhusu nini hasa watazamaji wale wa kwanza waliona kwenye magari yao.